Mkata Nyasi na Daraja Lake

Kila alfajiri, kabla maofisi na mahoteli ya Nairobi na Mombasa hayajaamka vizuri, vikosi vya watunza bustani vimekwisha teremshwa garini na mafyekeo, makasi na mashine za petroli. Watafyeka, watapogoa michongoma, watanyunyiza dawa. Adhuhuri hupakiwa tena, waende kwa mteja mwingine.

Amri ya Mishahara ya Kenya ya mwaka 2024 iliongeza kima cha chini kwa asilimia 6, nasi twaishukuru Serikali. Lakini mtunza bustani aliachwa palepale: daraja la chini kabisa, pamoja na mfagiaji, tarishi na yaya (ambao nao kazi yao si nyepesi), kwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika miji mikubwa. Katika amri hiyo hiyo, mhudumu wa mashine yumo daraja la juu zaidi.

Je, yule ashikaye mashine yenye kisu kizungukacho, kirushacho mawe, si mhudumu wa mashine? Mbele ya mteja mwajiri humwita fundi. Siku ya malipo huwa mtunza bustani. Wenye majengo nao wasijitoe, maana zabuni humpa yule aliyetaja bei ndogo, na bei hiyo hukatwa katika ujira.

Miwani na viatu vya kinga vimekwisha amriwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Lililosalia ni daraja, na Baraza la Mishahara laweza kupendekeza litenganishwe.