Jiji Tulipime Sisi Tunaoishi Humo

Wakazi wenzangu wa Dar es Salaam,

Kila zinapotangazwa orodha za majiji bora ya kuishi duniani, maneno yetu huwa yale yale. Mwaka 2025 Copenhagen iliongoza, kabla yake Vienna ilikaa kileleni miaka kadhaa, na majiji ya Afrika tunayatafuta huko mkiani. Wapo wanaoona aibu, wapo wanaosema tunaonewa, na siku mbili zikipita tumeshasahau.

Orodha inayotajwa sana, ya Economist Intelligence Unit, hupima majiji 173. Ilianzishwa ili kuzisaidia kampuni kujua mfanyakazi anayehamishiwa ugenini aongezwe posho kiasi gani kwa ugumu wa maisha ya huko. Kwa kazi hiyo inafaa. Lakini haimuulizi mama wa Tandale maji ya masika yaliingia chumbani hadi kimo gani. Jiji zima hupewa alama moja. Masaki na Tandale zote ziko wilaya ya Kinondoni, na kila anayezifahamu anajua kwamba tofauti kati ya mitaa hiyo miwili ni kubwa kuliko tofauti kati ya majiji mengi yaliyo kwenye orodha. Sisi tunahitaji kipimo kingine, na hicho hatutaletewa na mgeni.

Cha kujifunza kwa wenzetu ni njia waliyopita. Bandari ya Copenhagen ilikuwa chafu kiasi kwamba kuogelea humo kulikatazwa kwa miongo mingi. Maji yakasafishwa, na mwaka 2002 wakafungua mahali pa kuogelea katikati ya jiji, Islands Brygge. Njia za baiskeli wanazosifiwa nazo leo hazikutoka kwenye hisani ya wakubwa tu: mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya wakazi waliandamana kuzidai. Singapore ilianza kuusafisha mto wake mwaka 1977, ikatumia miaka kumi. Hakuna jiji lililozaliwa safi.

Karibu zaidi kuna Kigali, na hapa tusimame kidogo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Sisi nasi tulijaribu. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru, nchi nzima ikashika mafagio, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Mitaa mingi siku hiyo sasa ni ya kufunga maduka hadi saa nne asubuhi, basi. Wenzetu, kazi ikiisha, hukaa chini kama mtaa wakazungumza mambo yao. Sisi tulichukua fagio tukaacha kikao, na naamini hapo ndipo tulipopoteza nusu kubwa ya faida. Sisemi tuige kila kitu cha Kigali. Usafi wa kumfukuza mama lishe na machinga ili barabara ipendeze machoni mwa wageni siutaki hapa, na ninaomba tuukatae pamoja.

Kwamba tunaweza, halina ubishi. Zanzibar ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tuliambiwa biashara zitakufa. Hazikufa. Mifuko ya rambo iliyokuwa imening'inia kwenye kila mti na kuziba kila mtaro iliondoka, ingawa vifungashio vyepesi vimekuwa vikirudi masokoni kinyemela.

Na lipo jambo kubwa zaidi lililofanyika hapa hapa, ambalo vijana wetu wengi hawajasimuliwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo la jiji, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaendelea kuomba muda zaidi wa kumwaga taka pale pale. Jaji Lugakingira alikataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaiegemeza hukumu yake kwenye haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Wakati huo hatukuwa hata na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tuliyo nayo leo. Ilikuja mwaka 2004, nayo inasema wazi kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa nafasi ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Taka zilipoondolewa Tabata zilipelekwa Vingunguti. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, na kutoka Mtoni zikaishia Pugu Kinyamwezi. Ushindi wa mtaa mmoja ukawa mzigo wa mtaa mwingine. Tabata walikuwa na haki kabisa kupigana. Kosa ni letu sote tuliobaki, tuliodhani taka zikitoka machoni petu zimekwisha. Ndugu zangu wa Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach, gari likishaondoka na viroba vyenu, kuna watu wanaishi mahali linapokwenda.

Mto Msimbazi unatufundisha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Anayetupa taka mtoni huko juu hasombwi yeye. Anayetapisha choo mvua ikinyesha anamletea jirani wa bondeni kipindupindu. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo sasa una fedha, zikiwemo za Benki ya Dunia, na ninauombea ufanikiwe. Hata hivyo, hakuna kingo za zege zitakazoshinda mitaro iliyojaa magodoro na chupa.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja ambalo halihitaji mfadhili: kila mtaa ujipime wenyewe. Mvua kubwa ikipita, tuweke alama ya rangi ukutani pale maji yalipofika, na tarehe yake. Tuandike gari au guta la taka limekaa siku ngapi bila kupita, na tulilipa ada kiasi gani mwezi huo. Mtaro ulioziba utajwe ulipo. Si kazi ya wataalamu peke yao. Mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kawaida walianza kupita uchochoro kwa uchochoro wakichora ramani za maeneo yanayofurika, sehemu ambazo ramani rasmi zilikuwa hazina hata njia. Kama mitaro ya Tandale iliweza kuchorwa na wakazi, hakuna mtaa wa jiji hili unaoshindwa kuhesabu siku za taka.

Karatasi yenye vipimo hivyo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali inaposomeka. Mtaa wa juu wa bonde na mtaa wa chini wasomeane karatasi zao, kwa sababu maji yameshawaunganisha. Wapangaji nao waje kikaoni, wasikubali kuambiwa kwamba mtaa ni wa wenye nyumba. Anayeugua kipindupindu haulizwi hati ya kiwanja. Na diwani akija kuomba kura, aulizwe kuhusu tarakimu zilizoandikwa pale ukutani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, tukishamaliza kufagia, tusitawanyike. Tuombe viti, tumwite mwenyekiti na wajumbe wa mashina, tusome tulichokipima, na kila jambo liandikwe pamoja na jina la atakayelishughulikia na siku atakayoleta majibu. Mwezi unaofuata tuanze na majibu hayo.