Foleni Sio Shida, Shida Ni Foleni ya Gizani

Kama kuna neno linalokera kizazi chetu ni "inashughulikiwa". Mkopo wa chuo, inashughulikiwa. Kitambulisho, inashughulikiwa. Wasee wengi wanaamini foleni yenyewe ndiyo adui, eti tukihamisha kila kitu kwa simu itaisha. Mimi nakataa. Sikumaliza chuo, lakini hii haihitaji digrii.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1964 IBM ilitangaza System/360, kompyuta za kujaza chumba kizima. Ulikuwa unaandika programu yako kwa kadi za kutobolewa, unampa mhudumu, unaenda zako. Majibu pengine kesho. Kadi zako zilipangwa na za wengine, zikaendeshwa moja baada ya nyingine. Hizo ndizo kazi za bechi.

Sasa cheki shida. Mashine ya IBM 2540 ilisoma kadi 1000 kwa dakika. Inasikika mbio, lakini kwa kompyuta inayopiga maelfu ya hesabu kwa sekunde, huko ni kungoja konokono. Mashine ya bei ya kutisha inakaa bure! Dawa ikawa spuli: kadi zote zinamiminwa kwanza kwa diski, kompyuta inachota kazi kutoka hapo, na majibu yanawekwa diski hadi printa ipate nafasi. Programu iliyosifika kwa hiyo ni HASP, iliyoandikwa na watu wa IBM waliokuwa Houston wakihudumia NASA.

Mtu wa Ndhiwa haitaji kuelezwa zaidi. Sisi tumezungukwa na miwa. Trekta zinafika kiwandani saa yoyote, zinapimwa kwa mizani, miwa inamwagwa yadi. Kinu hakingoji trekta moja moja, kinakula kutoka kwa lundo. Yadi ndiyo spuli. Bila lundo, kinu kinasimama na kila mtu anapata hasara. Kwa hivyo foleni ina kazi yake.

Lakini muwa ukishakatwa unaanza kukauka na kupoteza sukari, na mkulima huku analipwa kwa uzito. Trekta ikilala kwa foleni siku mbili, hiyo ni karo inayeyuka juani. Kwa hivyo swali la maana ni hili: nani anatangulia, na nani ameamua?

Hapo ndipo wazee wa meinfremu wanatushinda. Kadi ya kwanza ya kazi yako ilitaja daraja lake na muda unaotaka. Kwa HASP, kazi fupi kwa kawaida zilipewa nafasi ya mbele. Na ukidanganya kwamba unataka dakika moja na kazi inataka kumi, mashine inaikata katikati. Ndio, mhudumu angeweza kusukuma kazi ya bosi mbele. Lakini alifanya hivyo kwa amri aliyoipiga kwenye konsoli, na konsoli ilikuwa taipureta: kila amri ilibaki kwa karatasi.

Linganisha na foleni zetu za 2020 na kitu. Tuko na simu zenye nguvu kuliko hizo mashine zote, na bado hujui uko nambari ngapi. Kuna mtu alipiga simu moja, faili yake ikaruka, na hakuna karatasi inayoonyesha.

Najua kuna atakayesema tukianika foleni watu watatafuta njia za kuichezea. Buda, tayari inachezewa! Tofauti ni kwamba leo wanaoichezea ni wale wenye nambari ya mkubwa pekee.

Kwa hivyo usidai foleni iondolewe. Ukiambiwa "inashughulikiwa", uliza vitu vitatu: Niko nambari ngapi? Sheria gani inapanga? Nani ameruka, na imeandikwa wapi? Ofisi ikishindwa kujibu hayo, isituambie sistimu ndiyo iko polepole.