ZIMAMOTO TUNAIPIMA KWA KELELE, TUIPIME KWA DAFTARI



Tangu juzi usiku kundi letu limejaa sauti za hasira kuhusu moto ulioteketeza vyumba vinne mtaani kwetu. Tunashukuru Mungu watu walitoka wote. Wengi mnataka tawi litoe tamko la kulaani Zimamoto, na nimeombwa niliandike. Sijaliandika. Mwenyekiti ameniruhusu nieleze sababu, na haya ni maoni yangu mimi katibu wenu.

Jana asubuhi nilikwenda pale na kalamu. Niliwauliza watu kumi na mmoja waliokuwepo tangu mwanzo: nani alipiga 114, na ilikuwa saa ngapi? Mmoja alimpigia shemeji yake wa bodaboda. Mwingine alimpigia kiongozi wa mtaa, simu haikupokelewa. Wawili walikuwa wanarekodi video. Mama mmoja akaniuliza, "Katibu, hiyo 114 ndiyo nini?" Mimi mwenyewe niliamka kwa kelele, nikakimbia na ndoo, wala sikukumbuka kupiga. Kwa hiyo tungewalaani watu ambao, kwa ushahidi tulionao, hakuna aliyewaita.

Sisemi huduma iko sawa. Nasema hatuna hata namba moja ya kusemea. Nimesomea uhasibu, stashahada tu, lakini nilichofundishwa ni kwamba hesabu isiyoandikwa haikaguliki. Afisa akituuliza "mlipiga saa ngapi, tulifika saa ngapi?" tutamjibu nini?

Tuanze na muda. Chumba chenye godoro la sponji na makochi kinaweza kushika moto wote ndani ya dakika chache. Sasa chukueni barabara ya kutoka Tarime mjini kupitia Mogabiri na Nyamongo hadi Mugumu, kilomita zinazokaribia 87. Gari la msaada likitoka huku kwenda kwa wenzetu wa Serengeti kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kusimama popote, ni karibu saa moja na nusu. Hapo hakuna askari wa kulaumiwa, ni umbali. Lakini kama gari lilipigiwa simu saa 2:00 likatoka kituoni saa 2:25, hizo dakika 25 zina mwenyewe na lazima azieleze: dereva hakuwepo, mafuta hayakuwepo, au gari lilikuwa gereji. Ndiyo maana nataka dakika za kutoka kituoni ziandikwe peke yake, na dakika za njiani peke yake.

Tena ziandikwe kwa kata. Mtaa wa mjini ukifikiwa kwa dakika 10 na Nyamongo kwa dakika 60, wastani utasema 35, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyesubiri dakika 35. Wastani wa namna hiyo unapendeza kwenye taarifa tu.

Halafu yale maneno ya "wamekuja bila maji". Gari la lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika linakauka ndani ya dakika 10. Baada ya hapo swali ni moja: linajaza wapi? Yale mabomba ya kando ya barabara ambayo gari linaunganisha mpira yako mangapi katika mji wetu, mangapi yana maji, mangapi yamezibwa na vibanda? Hilo si swali la Zimamoto peke yao. Ni la mamlaka ya maji na halmashauri, na la sisi tunaojenga vibanda juu yake.

Najua kuna mtu atasema hayo ni ya Wizara, tawi tunayaweza wapi? Ni kweli, Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na leo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini mpangilio wa masoko, vibali vya ujenzi na vibanda viko mikononi mwa halmashauri. Baraza la madiwani linaweza kumwalika mkuu wa Zimamoto aje kusoma taarifa yake kila robo mwaka, kama linavyowaita wa maji na wa barabara. Na fedha zisiwe kisingizio cha haraka kwa upande wa Nyamongo. Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017 inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa CSR. Sijui kwa nini kila mara tunawaza madarasa tu. Tangi la maji ya kuzimia moto karibu na soko nalo ni maendeleo.

Wafanyabiashara wetu wanalipia ukaguzi wa Zimamoto na wanapewa risiti. Wana haki ya kuuliza mkaguzi aliangalia nini, na kama alirudi kuona kasoro zimerekebishwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, maana kazi ya mkaguzi ikifanyika vizuri hakuna moto wa kusimulia. Mkumbuke Kyerwa, hapo Kagera, Septemba 2020: bweni la shule ya msingi Byamungu liliungua usiku, watoto 10 wakafa. Wilaya zetu hizi mbili zina mabweni mengi. Nataka kusikia mangapi yamekaguliwa mwaka huu, na mangapi bado yana nondo madirishani na mlango mmoja.

Na sisi tuache unafiki. Petroli ya chupa inauzwa mbele ya nyumba za kulala, wengine wetu ndio wauzaji. Watoto wanapiga 114 kwa mzaha na simu zetu.

Kikao cha tawi ni Jumapili saa 8 mchana. Badala ya tamko nitaleta rasimu ya barua kwa diwani wetu, kuomba taarifa ya Zimamoto iingie kwenye baraza lijalo ikiwa na dakika kwa kata, siku ambazo gari halikuwa barabarani, na mabweni na masoko yaliyokaguliwa na kurudiwa. Kila kiongozi wa shina aje na idadi ya mabomba ya zimamoto katika eneo lake, hata kama jibu ni sifuri, na aandike lipi lina kibanda juu yake. Nimenunua daftari. Kuanzia leo moto wowote ukitokea, piga 114 kwanza, kisha nitumie mimi saa uliyopiga na saa gari lilipofika. Video baadaye.

Familia iliyounguliwa bado inahitaji magodoro mawili na sare za watoto watatu. Michango apokee mweka hazina, risiti itatolewa.

Katibu wa Tawi