Ruzuku Tunayoiona na Ruzuku Tusiyoiona

Tarehe 4 Oktoba 2022 polisi jijini Kampala waliwakamata wanafunzi tisa wa vyuo vikuu waliokuwa wakipeleka waraka kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, kuunga mkono azimio la Bunge la Ulaya dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga. Walipelekwa gereza la Luzira, wakashtakiwa kwa kuwa kero kwa umma, wakaachiwa kwa dhamana, kisha wakaendelea kupanda na kushuka ngazi za mahakama kwa zaidi ya mwaka mzima. Novemba 2023 kesi ikafutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukuiendesha.

Polisi nawaelewa, wao hupokea amri. Kinachoniumiza ni maneno yaliyowafuata vijana hawa kutoka kwa watu wasio na amri ya yeyote. Uganda yalisemwa, na huku Tanzania ukilitaja bomba mbele ya watu utayasikia yale yale: wametumwa, wamelipwa na wazungu, wanatafuta kiki, wanataka tubaki maskini. Ni mara chache utamsikia mtu akiuliza waraka wenyewe ulikuwa na nini ndani yake.

Hasira hiyo ina mzizi, na asiyeukubali mzizi huo hatamshawishi mtu. Azimio la Bunge la Ulaya lilipitishwa tarehe 15 Septemba 2022. Miezi minne kabla yake, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kansela wa Ujerumani, Olaf Scholz, alikuwa Senegal akizungumzia gesi ya nchi hiyo, na nyumbani kwake serikali ilikuwa ikijiandaa kurudisha mitambo ya makaa ya mawe. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayozalishwa duniani. Mganda anayehisi anaambiwa na wabunge wa Ulaya aache mapipa bilioni 1.4 ya mafuta ardhini ana kila sababu ya kuuliza: wewe ni nani wa kuniambia hivyo? Rais Museveni alijibu kwamba kampuni ya TotalEnergies ikiwasikiliza wabunge hao, Uganda itatafuta mwingine wa kufanya naye kazi. Wengi walishangilia, na sioni ajabu.

Lakini hasira hiyo imemwangukia nani? Wabunge wa Ulaya walirudi makwao. Aliyelala Luzira ni mwanafunzi. Tena, kama kosa ni kushirikiana na mgeni, tuwatazame wenye bomba: TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China asilimia 8, na mashirika ya umma ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Mwanafunzi akipeleka waraka kwa Mzungu anaitwa kibaraka. Mzungu akishika zaidi ya nusu ya hisa anaitwa mwekezaji.

Hoja ya pili wanayotupiwa vijana ni ya fedha, na hii nataka tuikalie. Inasemwa kwamba nishati safi haiwezi kusimama bila ruzuku, na kwamba serikali maskini haina fedha za kuchezea. Ni swali la haki, ila liulizwe kwa pande zote. Bei ya mafuta ilipopanda, Serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022 ili petroli na dizeli zishuke. Sikusikia mwenye gari akiitwa mzigo kwa taifa. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria kwamba mwaka huo huo serikali duniani zilitumia dola trilioni 1.3 kupunguza bei ya petroli, gesi, makaa ya mawe na umeme unaotokana navyo. Fedha za umma zimekuwa zikibeba nishati tangu zamani.

Na ruzuku nyingine haipiti hazina kabisa. Desemba 2021 Bunge la Uganda lilipitisha sheria maalumu ya bomba yenye msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10. Kodi isiyokusanywa ni fedha ya umma iliyotolewa, sawa na ile iliyokusanywa kisha ikagawiwa. Kuna pia gharama waliyoibeba wanavijiji waliopitiwa na mkuza wa bomba, Uganda na Tanzania. Baada ya mali zao kuthaminiwa waliambiwa wasiongeze mazao ya kudumu wala wasijenge kwenye eneo hilo, kisha fidia ikachelewa, wengine miaka mitatu na zaidi. Anayejua mibuni huchukua muda gani kuzaa anajua maana ya kukatazwa kuipanda misimu yote hiyo. Mateso hayo ya wanavijiji ni sehemu ya yale vijana waliyokuwa wakiyasema.

Hata hivyo ninalo neno kwao. Wanazungumza sana habari za bomba, na kidogo mno habari za jiko. Kwetu Tanzania takriban asilimia 80 ya kaya hupikia kuni na mkaa, na Serikali yenyewe hutaja vifo vya watu wapatao 33,000 kila mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati hiyo ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei.

Hapo ndipo ruzuku inapokosea shabaha. Mama lishe hanunui mkaa kwa gunia. Hununua kopo asubuhi, akiuza chakula ananunua jingine jioni. Mtungi wa nusu bei atauchukua kwa furaha, na siku za mwanzo atapika bila kukohoa. Gesi ikiisha anatakiwa kutoa zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, fedha ambayo biashara yake haijawahi kuiweka pamoja. Anausogeza mtungi pembeni na kurudi kwa muuza mkaa, na kwenye takwimu anaendelea kuhesabiwa kuwa amehama.

Dar es Salaam na Nairobi zipo kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi, mtu akanunua gesi ya fedha ndogo kwa simu, kama anavyonunua mkaa. Ruzuku ingeingia kwenye gesi yenyewe kupitia mita hizo, angalau kwa miaka michache ya mwanzo, ingemfuata mama lishe kila siku anapowasha jiko. Pa kuanzia kutafuta fedha hizo papo: serikali zetu zichapishe hadharani, mwaka kwa mwaka, thamani ya kila msamaha wa kodi unaotolewa kwa miradi ya mafuta, halafu wabunge wa Kampala na Dodoma waijadili kwenye bajeti pamoja na ruzuku ya mitungi. Na wale wanafunzi waalikwe kwenye kamati za bunge kutoa maoni yao, wakae kiti kimoja na mawakili wa TotalEnergies.