Faili Lililo Wazi kwa Kila Mtu Isipokuwa Mwenyewe

Toleo hili lilipangwa liwe la wadukuzi. Mwaliko wetu wa makala ulitaja seva, manenosiri na nakala rudufu, na waandishi wengi wametii. Kazi zao ni nzuri na zisomwe. Lakini kadiri nilivyozihariri ndivyo nilivyozidi kukereka, kwa sababu katika vyuo vyetu hakuna mdukuzi anayeweza kushindana na karani mwenye pini nne na ubao wa matangazo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ianze kutumika Mei 2023, na Tume yake izinduliwe Aprili 2024, wakuu wa vyuo wamejifunza kuuliza kama mfumo uko salama na kama chuo kimesajiliwa. Ni nadra kusikia mmoja akiuliza kwa nini alama za mwanafunzi zinasomwa na mpita njia, ilhali mwanafunzi mwenyewe akiomba kuona karatasi yake ya majibu anaambiwa aandike barua, alipie, asubiri.

Tuanze na mpita njia. Itazame karatasi moja ya matokeo ya semista kama inavyobandikwa. Safu ya kwanza ni namba ya usajili, zinafuata kozi kwa misimbo yake, alama, daraja, GPA, na pembeni kabisa maoni: amefaulu, sapu, amedisko, ameahirisha kwa ugonjwa, matokeo yamezuiwa kwa deni la ada. Jina halimo, na hapo ndipo chuo hujiona kimemaliza wajibu wake. Lakini namba hiyohiyo imo kwenye karatasi ya mahudhurio inayozungushwa darasani kila kipindi, jina na saini vikiwa pembeni yake. Imo kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, na imo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kazi ya kikundi. Darasa zima linajua ni nani amedisko na nani hana ada, na linajua kabla jua halijazama. Alama za mazoezi ndiyo balaa zaidi: mhadhiri humtumia CR, yaani mwakilishi wa darasa, jedwali la Excel, CR akalitupia kwenye kundi la WhatsApp ambamo wamo waliohitimu, waliohama na namba ambazo hakuna anayezifahamu. Ubaoni karatasi hubanduliwa siku moja; kwenye simu za watu jedwali linabaki. Halafu yako yale majedwali ya waliochaguliwa kujiunga, yenye jina kamili na namba ya mtihani ya kidato cha nne kwenye mstari mmoja. Kwa kuwa matokeo ya Baraza la Mitihani hutolewa hadharani kwa namba, shule kwa shule, anayetaka kujua jirani yake alipata nini kwenye Hisabati anahitaji bando na dakika mbili. Taasisi mbili, kila moja ikiamini imeficha nusu, zimekamilishana.

Huko nje ya ofisi ya msajili mambo yamebadilika. Kenya, yenye sheria yake tangu 2019, ilionyesha Septemba 2023 kwamba shule nazo zinaguswa: Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Picha, lakini. Nangoja siku ambayo faini kama hiyo itatozwa kwa karatasi ya matokeo, maana picha ya mtoto akicheka uwanjani inasema machache sana kumhusu kuliko safu ile ya maoni.

Sasa upande wa pili, ambao ndio hasa ulionifanya nichukue kalamu. Mjadala wetu umeichukua faragha kama suala la kufunga tu. Sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinampa mhusika haki ya kuziona taarifa zake na kudai zisahihishwe, na vyuo vimeisoma nusu ya kwanza ya sheria kisha vikafunika kitabu. Karatasi ya majibu iliyosahihishwa ni mali ya nani? Ofisi za mitihani hujibu kwamba ni ya chuo, na jibu hilo halisimami tena. Tarehe 20 Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Nowak, iliyotokana na mwanagenzi wa uhasibu nchini Ireland aliyefeli mtihani mara nne na kunyimwa karatasi yake. Mahakama ilisema majibu ya mtahiniwa, pamoja na yale maandishi ya msahihishaji pembezoni, ni taarifa binafsi za mtahiniwa. Maswali ya mtihani si taarifa zake, kwa hiyo wanaohofia benki zao za maswali watulie. Ilisema pia kwamba haki ya kusahihisha taarifa haimruhusu mtu kurudi kuandika upya jibu alilokosea. Wanafunzi nao watulie. Mfano iliotoa wa kosa linalostahili kusahihishwa ni pale karatasi zinapochanganywa na majibu ya mtu akaandikiwa mwingine, au sehemu ya karatasi inapopotea. Msomaji aliyewahi kukaa ofisi ya mitihani wakati wa malalamiko ya alama zilizopotea hahitaji maelezo zaidi. Uamuzi wa mahakama hiyo haumfungi jaji wa Dodoma wala wa Nairobi, lakini sheria zetu zimechukua mengi kutoka kwenye sheria za Ulaya, na sioni kwa hoja gani jaji wetu angesema mwandiko wa mwanafunzi na hukumu juu ya akili yake havimhusu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaosema uwazi wa matokeo ndio ngao ya mnyonge: alama zikibandikwa, mhadhiri hawezi kumpendelea kimada wake bila darasa kuona. Hofu hiyo ina msingi. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, haikufanya bure utafiti wake wa rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, uliotoka mwaka 2020, wala Bunge halikuweka bure kifungu cha 25, kinachohusu rushwa hiyo, katika sheria ya rushwa ya 2007. Lakini tuulize ubao unamwonyesha nini binti aliyekataa na kufelishwa. Unamwonyesha, yeye na wenzake wote, kwamba amefeli. Haumwonyeshi jibu lake la swali la tatu limepewa ngapi, wala nani aliibadili alama baada ya kuingizwa kwenye mfumo, na saa ngapi. Ushahidi wa uonevu uko ndani ya karatasi iliyofungiwa kabatini; kilicho ubaoni ni matokeo ya uonevu, yakiwa yamepambwa kwa mhuri. Anayetaka kumlinda ampe haki ya kuiona karatasi yake na kumbukumbu ya kila badiliko la alama zake. Darasa lipewe takwimu zisizo na namba ya mtu: wangapi walipata A, wangapi sapu, mwaka huu na mwaka jana. Mhadhiri anayependelea au anayekomoa huonekana kwenye mtawanyo wa alama upesi kuliko kwenye orodha.

Pingamizi la mzazi ni gumu kwa namna nyingine. Anayelipa ada hudai ripoti, na katika familia ambayo ng'ombe wameuzwa ili mtoto asome, kumwambia baba kwamba alama ni siri ya mtu mzima wa miaka ishirini ni kama kumtukana. Marekani, yenye sheria ya kumbukumbu za wanafunzi tangu 1974, iliviachia vyuo mwanya wa kuwapa taarifa wazazi wa mwanafunzi anayewategemea kikodi, kwa hiyo hata huko hawakuthubutu kufunga kabisa. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwanafunzi kukagua kumbukumbu zake, na inaipa taasisi siku 45 tu kumtimizia. Msimamo wangu ni kwamba chuo kisiwe mpelelezi wa mzazi. Mwanafunzi ajaze fomu siku ya kujiunga akitaja anayeruhusu apewe matokeo, na aweze kuifuta. Wengi watawataja mama zao bila kusita. Anayeogopa ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo hasa chuo hakipaswi kuijua.

Kuhusu wale wanaosema aibu ya ubaoni humfanya kijana asome, sina mengi. Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule na watahiniwa bora, na sijaona mwanafunzi aliyetupa vitabu kwa sababu hiyo.

Ndani ya toleo hili, makala ya kwanza na ya tatu zinahusu usalama wa mifumo. Ile ya tatu ina sehemu fupi kuhusu vyuo vinavyotumia jina la ukoo kama nenosiri la kuanzia, na sehemu hiyo peke yake inatosha kuwanyima usingizi wakuu wa TEHAMA. Makala ya pili inachunguza kumbukumbu za zahanati za vyuo, eneo ambalo sisi wahariri tumelisahau mno. Ya nne ni mapitio ya sheria za Uganda na Rwanda. Ya mwisho inanipinga: mwandishi wake, mtu wa mitihani kwa miaka mingi, anatetea ada ya rufaa kwamba ndiyo inayozuia ofisi isifurikwe na waombaji. Nimeichapisha bila kuigusa hata nukta. Ninaomba tu isomwe huku jedwali la ada la chuo cha msomaji likiwa mezani, na kando yake bei ya kutoa kivuli cha kurasa nane.