Usikate Stempu, Soma Bahasha

Nikiwa darasa la tano, nyumbani Bunda, nilifanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Bibi alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na barua za baba yake, askari wa King's African Rifles, ile KAR, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mimi siku hizo nilikuwa nakusanya stempu. Nilichukua mkasi, nikakata kila stempu yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, na bahasha nikawashia moto jikoni. Zilipona nne tu, kwa sababu hazikuwa na stempu na mimi sikuona kazi yake.

Wanachuo wenzangu, hizo nne ndizo zilizokuwa na habari kuliko zote.

Nimelijua hilo mwaka huu, nikihangaika na mada ya utafiti. Kila nikisema nataka kuandika juu ya askari wa Mara, najibiwa: vyanzo hakuna, wazee wamekufa. Nikarudi likizo nimekata tamaa. Bibi akanitolea zile bahasha nne na kuniambia, "Mjukuu wangu, hizi hukuzitaka."

Tuanze na stempu isiyokuwepo. Askari aliyekuwa vitani mara nyingi barua yake ilisafirishwa bure, kwa hiyo bahasha tupu ni dalili kwamba mtu alikuwa mbali kweli. Halafu muhuri wa posta. Posta ya jeshi haikuandika mji, iliandika namba, ili barua ikiangukia mikononi mwa adui asijue kikosi kiko wapi. Leo wanaochunguza historia ya posta wamezioanisha namba nyingi na mahali zilipotumika. Ukiwa na namba na tarehe, unaweza kumfuata mtu hatua kwa hatua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikapigana Burma, kwenye bonde la Kabaw. Barua yenyewe haiwezi kukwambia hayo, maana kuyaandika kulikatazwa. Bahasha inakwambia.

Kisha kuna alama ya mkaguzi: muhuri wenye taji na namba, au kipande cha karatasi kilichobandikwa ukingoni pale bahasha ilipofunguliwa. Maana yake kuna mtu alisoma kabla ya mama mtu kusoma. Na wakaguzi hawakuishia kufuta maneno. Waliandika ripoti kwa wakubwa wao: askari wanalalamikia nini, wanawaza nini juu ya mishahara, ndugu na ardhi nyumbani. Ripoti hizo ni kati ya vyanzo ambavyo wanahistoria wa KAR wamevitegemea sana. Yaani sauti za babu zetu zimehifadhiwa na watu waliokuwa wanazichunga. Inachekesha na inauma.

Tusidhani pia kwamba habari hizi ni za nchi kavu tu. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hata ziwa letu lina yake: mwishoni mwa 1914 meli ya Waingereza, Sybil, ilikwama Majita, na mwaka 1915 wakaja na jeshi kuinasua. Wangapi kati yetu tuliozaliwa Musoma tunaijua hiyo?

Tukipata wageni tunawapeleka Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu, na ni haki yake. Lakini Mwalimu alipokuwa Makerere, 1943 hadi 1945, vijana wa rika lake walikuwa kwenye matope ya Burma. Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare vita ile. Na hao nao wanastahili hata kurasa chache.

Rafiki yangu mmoja, tuko naye chumba kimoja, aliniuliza swali gumu: "Sasa wewe una tofauti gani na yule mkaguzi? Na wewe unasoma barua ambayo hukuandikiwa." Nilikosa jibu usiku ule. Jibu nililonalo sasa ni hili: mkaguzi hakuomba ruhusa. Mimi nilikaa na Bibi, nikamsomea kwa sauti, na alipofika mahali akasema "hapo paache," nikapaacha. Hapo hapataonekana kwenye utafiti wangu, hata kama msimamizi ataniambia ndipo penye utamu.

Basi ombi langu ni dogo. Likizo hii, kabla bumu halijaingia na kutusahaulisha, uliza nyumbani kama kuna sanduku. Usikate stempu. Usitoe karatasi na kutupa ganda lake. Usiandike kitu juu yake kwa kalamu. Piga picha mbele na nyuma, andika kwenye daftari nani alikukabidhi, kisha rudisha kwa mwenyewe. Wapo wanaonunua bahasha hizi. Usiuze kitu ambacho familia haijakisoma, kwa sababu kikishaondoka, hata jina la babu yako litabaki kuwa la mtu asiyejulikana kwenye albamu ya mgeni.

Tunapenda kusema historia yetu iliandikwa na wakoloni. Ni kweli. Ila za baba yake Bibi hazikuchomwa na mkoloni. Nilizichoma mimi, nikitaka moto wa chai.