Bahati Isivikwe Kilemba cha Ustadi

Vijana wetu wa Pwani siku hizi hawangoji mshindani barazani. Wacheza kwa simu na watu walio Ulaya na Ghuba, na mashindano ya intaneti yana zawadi nono. Wazee wengi wayatia yote fungu moja: kamari. Mimi siafiki, wala siyatetei yote. Tutazame kwanza yamepangwaje.

Bao halina bahati. Kete 64 zote zi wazi, na ashindwaye hana wa kumlaumu. Karata si hivyo. Bingwa aweza kugawiwa karata mbovu akafungwa na mwanagenzi. Lakini wakicheza mara 20, ubingwa hujitokeza, kwani karata mbovu humfikia kila mtu. Hiyo ndiyo kazi ya mpangaji: bahati haiondoi, huipunguza makali kwa kuzidisha raundi.

Mwaka 2019, mjini New York, palichezwa fainali ya dunia ya Fortnite. Mchezo huo una bahati tele: watu 100 hushuka kisiwani, silaha zimetawanyika ovyo, na dhoruba huwasukuma upande wasioujua. Ungechezwa mara moja tu, dola milioni 3 zingeweza kumwangukia yeyote. Waandalizi wakaweka michezo 6, wakahesabu pointi za kuwatoa wenzio na za kudumu mchezoni. Kyle Giersdorf, kijana wa miaka 16, alipata pointi 59. Aliyemfuata alipata 33. Hapo nani atasema ni bahati?

Sisi Waislamu tuna swali la pili: fedha zatoka wapi? Zawadi ile ilitoka kwa Epic Games, wenye mchezo. Anayewatoza watoto kiingilio, akampa mshindi fedha hizo baada ya mchezo mmoja, amefanya kamari, ingawa aiita spoti. Hata raundi zikiwa 100, dau la wachezaji labaki dau, na aya ya 90 ya Sura al-Maida yatosha kuwa onyo.

Basi enyi mnaoandaa mashindano Mombasa, Malindi na Lamu, tafuteni mfadhili wa zawadi, mzidishe raundi, na sheria zitangazwe kabla. Bahati kidogo iacheni, maana mwanagenzi asiye na tumaini harudi tena. Lakini kijana asipokonywe nauli yake ya shule kwa mchezo wa dakika 10, kisha akaambiwa hakuwa stadi.